Ilhamu Imekwama Ferini

Jirani yangu hapa Likoni ni mwandishi, na huu mwaka wa nne angoja ilhamu. Riwaya iko kichwani, asema, imebaki kuteremka tu. Kwanza alitaka kompyuta; akapata. Akataka chumba kinachotazama bahari. Akakodi Diani siku tatu, akarudi na picha za machweo na deni. Sasa yuajitafuta, ili aandike kwa sauti yake mwenyewe. Kurasa mbili alizonisomea zina theluji. Theluji, Likoni! Na mhusika wake ashinda dirishani peke yake, wala hapiti hata mtoto wa jirani kuomba chumvi.

Nikamtajia Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa. Waraka wake, *Kenya: Twendapi?*, ulimfunga mwaka 1969 hadi 1972. Humo gerezani akaandika kwa siri, kwenye karatasi za msalani, mashairi yaliyotoka 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*.

"Lakini yule alipata utulivu," akanijibu.

Jana tulivuka feri pamoja. Mbele yetu muuza mahamri akimdai kuli deni la juzi, kwa mafumbo ambayo mshairi Muyaka mwenyewe angeyaazima. Tena bure: avukaye kwa miguu hatozwi senti. Mwenzangu alikuwa ameziba masikio kwa visikizi, Mmarekani amfundisha jinsi ya kuwa yeye mwenyewe.

Feri ilipogusa ng'ambo akanishika mkono. Nikadhani ataka kalamu. Kumbe nauli ya matatu.