Nani Apewe Kiroba? Huduma za Linux Zinazogombea Mgawo Kompyuta Ikiwaka

Hapa Mwakitolyo, machimboni, siku ya kugawa viroba vya mawe ya dhahabu, duara (shimo letu la kuchimbia) lililochimbwa na watu sita hugeuka likawa na wenyewe kumi na sita. Yupo aliyeshika winchi, yupo aliyebeba maji, na yupo aliyepita tu akaomba kiberiti. Kompyuta ya Linux nayo ina umati wake wa huduma kila ikiwashwa. Andika systemctl list-unit-files --state=enabled uone majina yanavyoshuka. Shemeji yangu, mwenye kompyuta ya mezani nyumbani kwake jirani na karasha la kusaga mawe, alinijia alfajiri moja akitaka "tupunguze watu". Tukaanza na wa mwisho.

8. bluetooth. Shemeji alitaka afukuzwe kwanza. Ile kompyuta haina hata chipu ya Bluetooth, na huduma hii isipoiona chipu haiwaki kabisa. Hafanyi kazi, lakini pia hali. Mpishe.

7. cups-browsed. Cups mwenyewe ndiye anayechapa, huyo abaki. Huyu mwenzake kazi yake ni kutafuta printa za wengine kwenye mtandao. Jirani yetu ana karasha, na mpaka leo halijachapa ukurasa. Septemba 2024 ikatangazwa kwamba alikuwa akisikiliza mlango wa 631 na kumwamini mgeni yeyote anayejitambulisha kuwa printa. "Kumbe ndiye anayeacha geti wazi!" Shemeji akamtoa bila kikao.

6. avahi-daemon. Mpiga debe wa mtandao wa ndani: huita majina ya vifaa ili vijuane. Chumbani kuna kifaa kimoja. Anajiita, anajiitikia. Ila ukimzima peke yake, soketi yake humwamsha tena. Zima na avahi-daemon.socket.

5. NetworkManager-wait-online. Ana kazi moja, kusubiri mtandao, na anaweza kuwashikilia wenzake hata dakika nzima. Hapa nitoke nje ya mstari kidogo. Shemeji alikuwa amepiga systemd-analyze blame, akaona sekunde na milisekunde zimepangwa kama kwenye mzani wa dhahabu, akataka kufukuza watu kwa kufuata namba. Haiendi hivyo. Systemd, iliyotoka mwaka 2010, huwasha huduma nyingi kwa pamoja. Anayejivuta pembeni huenda hamcheleweshi mtu. Ukitaka kumjua aliyeziba njia ya winchi, uliza systemd-analyze critical-chain. Tukauliza. Ni huyuhuyu. Akazimwa.

4. apt-daily.timer na kaka yake apt-daily-upgrade.timer. Kwenye Debian na Ubuntu, mdogo huamka mara mbili kwa siku kuulizia vifurushi vipya, bila kujali bando ni la nani. Wenye intaneti ya waya nyumbani wala hawamsikii. Sisi tunamsikia: bando la wiki linazikwa Jumanne. "Huyu anachukua kabla duara halijatema," shemeji akalalamika. Lakini masasisho ndiyo yanayoziba matundu kama lile la printa, kwa hiyo hayaachwi. Tulizima timer zote mbili, shemeji akaapa kupiga sudo apt update na sudo apt upgrade kila Jumamosi usiku, kwa bando la usiku. Namfahamu shemeji. Nimeweka kengele kwenye simu yangu.

3. systemd-timesyncd. Ile betri ndogo ya CR2032 ubaoni ikifa, kompyuta iliyokatiwa umeme inasahau tarehe, na kila tovuti salama inaonekana ina cheti kibovu. Huyu hurekebisha saa kwa ujumbe wa baiti 48. Apewe kiroba kizima.

2. dbus, systemd-udevd, systemd-logind, systemd-journald. Hayo ni matimba. Ukiwa chini duarani huulizi nguzo hii ina faida gani.

1. ModemManager. Ushauri mwingi wa kupunguza huduma unamtaja mapema: siku hizi nani anatumia modemu? Nani? Sisi! Modemu ya USB ya kuweka laini ndiyo intaneti ya nyumba nzima ya shemeji, na nyingi za aina hiyo huunganishwa na huyuhuyu. (Simu ukiichomeka kwa waya ukagawa bando, Linux huiona kama kadi ya mtandao, hapo hahusiki.) Shemeji alikuwa ameshautii ushauri huo usiku, peke yake, kisha akabaki anatafuta kwenye intaneti namna ya kurudisha intaneti. Simu nayo ilikuwa imekwisha chaji. Ndiyo maana alibisha mlangoni kwangu jua halijatoka: "Mwangaluka, shemeji. Tupunguze watu." Hili la modemu alilisema mwisho kabisa, akiangalia pembeni.

Nikaandika sudo systemctl enable --now ModemManager. Taa ya modemu ikawaka. Nikadai kiroba changu.

Akaniambia mimi nilipita tu kuomba kiberiti.