Jinsi ya Kutunza Breki za Trela Lisilo na Breki

Kabla hujamwita fundi, tafuta jiwe. Usiokote la mtoni, maana mawe ya mto Lwakhakha yamelainishwa na maji na huteleza chini ya tairi. Chukua lenye kona, la ukubwa ambao utingo atalibeba kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika chuma cha trela. Hiyo ndiyo breki ya kwanza, na kwa matrela mengi ya trekta yanayokokota miwa na mahindi huku kwetu Bungoma na Trans Nzoia, ndiyo ya mwisho pia.

Utingo mwenyewe ni sehemu ya mfumo. Chagua kijana mwepesi wa mbio. Trekta likishindwa na mlima, anaruka chini kabla halijaanza kurudi nyuma, anasukumiza jiwe nyuma ya gurudumu, kisha anautoa mkono kwa wakati. Hana mkataba wala bima, lakini pia hahitaji grisi.

Wazungu hawajafikia kiwango hiki. Uingereza, mtu anayekwenda likizo huvuta kwa gari lake kijumba cha magurudumu kiitwacho karavani, ndani mna kitanda na jiko la kuchemshia chai. Sheria yao inasema trela ambalo uzito wake pamoja na mzigo unaruhusiwa kupita kilo 750 lazima liwe na breki zake lenyewe. Kilo 750! Hayo ni magunia manane ya mahindi ya kilo 90, zikibaki kilo 30 ambazo hata utingo hazimtoshi, na trela lenyewe bado hujalipima. Dereva akipunguza mwendo, karavani humsukuma kwa nyuma, na msukumo huohuo ndio unaokaza breki za karavani. Kisha kuna waya mwembamba uliofungwa kwenye gari: karavani likichomoka, waya huvuta breki ya mkono ndipo ukatike. Huku waya kama huo ungekuwa umeshafungia mbuzi.

Trela letu la miwa halina mambo hayo. Breki ziko kwenye trekta peke yake, na tani zote zilizo nyuma zinalisukuma trekta upande unaozipendeza. Usife moyo lakini, kwani unao wasaidizi. Kila kituo utakachopita, watoto wa shule watakimbilia nyuma na kuchomoa mua mmojammoja. Usiwafukuze. Kila mua unaotoka unapunguza uzito, kwa hiyo nao wahesabiwe kuwa breki.

Sasa tuje kwa wewe mwenye uwezo, mwenye lori kubwa lenye trela la kubeba mahindi kutoka Kitale. Breki zako ni za upepo. Ziliundwa na mtu mwenye roho ngumu ajabu: badala ya upepo ukiisha lori liendelee na safari, springi kubwa iliyomo ndani ya chungu cha breki inaachiliwa na kukaza magurudumu. Yaani bomba likipasuka, lori linasimama. Ni wazi mtu huyo hakuwa na mkopo wa benki wala mteja anayepiga simu kila dakika kumi.

Fundi wetu wa jua kali analo jibu. Kuna boliti ndefu ya kuirudisha springi nyuma na kuizuia isikaze, iliyotengenezwa ili gari lililoharibika livutwe kando ya barabara. Wewe mwambie aifunge, kisha muisahau humo mpaka lori liuzwe. Bomba linalovuja nalo lizibwe kwa mpira wa tyubu. Trela litakwenda laini kabisa, na swali la kusimama litabaki kwa kichwa cha lori. (Hapa naomba niache mzaha kidogo: chungu hicho usikifungue kwa patasi na nyundo. Springi iliyobanwa humo ikichomoka inaua aliye mbele yake, na mafundi wanalijua hilo.)

Kubadilisha laini, yaani vile vipande vya breki vinavyosugua dramu, ni sanaa nyingine. Inua ekseli kwa jeki, na jeki uiweke juu ya udongo uliolowa. Vigingi vya chuma vya kushikilia ekseli ni vya waoga. Toa gurudumu, toa dramu, kisha msikilize fundi.

"Mzee, hii laini bado iko."

"Iko wapi? Naona ripiti."

"Si ndiyo nasema. Ripiti ndizo zinashika sasa."

Vichwa vya ripiti vikianza kuchora mifereji kwenye dramu utasikia sauti ya chuma kwa chuma. Ongeza sauti ya redio. Vumbi lililojaa ndani fundi alipulize kwa mdomo, hasa kama laini ni za zamani, kwa kuwa nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na mapafu ya fundi hayamo kwenye risiti. Sili ikivujisha oili juu ya laini, ioshe kwa petroli, isugue msasa, uirudishe. Sili mbovu iache palepale. Na ukilazimika kabisa kununua laini mpya, nunua za upande mmoja. Gurudumu moja litakaza na jingine litakataa, hivyo ukikanyaga breki utagundua kwamba trela lina maoni yake kuhusu njia.

Sehemu nzuri ya kujaribia kazi hii ni barabara ya Chwele inaposhuka kuelekea mpakani Lwakhakha. Weka nyutro, uokoe dizeli. Breki zikikataa utaingia Uganda kabla pasipoti haijagongwa muhuri. Waliovusha kahawa ya magendo kwenye mpaka huu pale Chepkube kati ya 1976 na 1977 walihangaika bure na njia za usiku. Ukipendelea barabara kuu, nenda Kamukuywa, kati ya Webuye na Kitale, ambako mteremko wa darajani umeshajaribu breki za watu wengi.

Ila usisimamishe jaribio lako karibu na soko. Jioni ya 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, trela liliacha njia likawavamia wachuuzi, waendesha boda na abiria waliokuwa wakingoja magari, na zaidi ya watu 50 wakafa. Hakuna aliyekuwa na jiwe la kutosha. Mama aliyepanga mboga kando ya lami hakuwahi kuulizwa kama laini zibadilishwe mwezi huu au mwezi ujao, ingawa ndiye aliyekuwa mbele ya trela.

Laini huuzwa kwa seti ya ekseli nzima, na maduka ya spea ya Kitale na Bungoma yanazo. Nunua seti, funga pande zote mbili, badilisha na sili, ondoa ile boliti, na umwambie utingo apande mbele akae na dereva.