Mboga Isiyo na Adabu

Mvua za Dodoma zikishakolea, kuanzia Desemba hivi, mlenda huota wenyewe katikati ya mtama, bila kupandwa wala kuombwa. Ule mkavu, uliopondwa ukawa unga, tunauhifadhi kwa ajili ya kiangazi, na huo angalau una ustaarabu. Mbichi hauna. Unaanza ukorofi jikoni: ukitia magadi ili majani yalainike na yabaki kijani, povu linapanda, linafurika, linazima mkaa, nawe ulikuwa umegeuka tu kuchukua upekecho. Magadi yakizidi, mnakula sabuni.

Msimu huu mvua zilimkuta kwetu mjomba wa mume wangu, mzee wa Tanga, kanzu nyeupe pepepe, imepigwa pasi hadi mtu unaogopa kuisogelea. Kwao amezoea mchicha wa nazi, mboga tulivu, inayokaa pale ulipoiweka. Mama akamtengea ugali wa uwele na mlenda wa karanga.

Mlenda haunyanyuliwi hivi hivi. Ukishachovya tonge, unazungusha kiganja, unaukata ute ukingoni mwa bakuli, ndipo unapeleka mdomoni. Watoto wa huku wanayajua hayo kabla ya kujua kufunga vifungo. Mjomba yeye akanyanyua. Mlenda ukamfuata. Akanyanyua zaidi, akitumaini utachoka. Haukuchoka. Mkono ulipofika usawa wa kofia akaanza kusimama, tonge juu, ute bado umeng'ang'ania bakuli, na sisi tumeinamisha nyuso kwa heshima, mabega yanatikisika.

Mwanangu ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Babu, zungusha!"

Babu akazungusha. Si kiganja, mkono mzima, kama anayerusha kombeo. Ute ukakatikia upande wa bakuli, ukamrudia wote: miwani, ndevu, kanzu kuanzia shingoni hadi tumboni.

Hakuna aliyepumua. Mama akamsogezea maji ya kunawa, akasema kwa upole, "Pole, mkwe. Huwa unapenda wageni."

Mjomba akavua miwani. Akalamba kilichokuwa kwenye sharubu, akatulia kidogo, akalamba tena. Kisha akaketi mkekani, akakunja miguu na kulivuta bakuli lote upande wake.

Nikakimbia kumletea kijiko. Akanikata jicho.

"Kijiko cha nini sasa, mwanangu, na kanzu ishaharibika?"