Sifa za Faiba

Ukitaka kujua chombo gani bora Kilwa, usimuulize mvuvi. Yeye yuko baharini. Muulize aliyekaa kivulini pale Masoko, suruali kavu, habari zote anazo.

Atakwambia boti ya faiba ni nyepesi, haiozi, wala wadudu watoboao mbao hawaigusi. Kweli. Ila ikipasuka mwambani, dawa yake haichumwi mwituni. Mtumbwi wa mwembe, atasema, ni mzito na unayumba. Kweli pia, ndiyo maana ngalawa ikapewa ndubi pande zote mbili, isilewe mawimbi. Mashua je? Nyufa zake hutiwa kalafati ya pamba, ubao ukapakwa sifa, mafuta ya papa, na baada ya muda kazi huanza upya. Basi tofauti ndiyo hiyo: cha mbao hupakwa sifa, cha faiba hupewa sifa.

Kusi ikivuma na bahari ya Kisiwani ikachafuka, wimbi haliulizi chombo kimechongwa au kimemiminwa. Swali hubaki moja: upo uko wapi, na nani atafua maji?

Hapo mtaalamu wetu hukumbuka ana harusi Lindi. Kwa basi.