Saa 48

Kifungu cha 18 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinasema mtu asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48. Cha 19 kinampa haki ya kujichagulia wakili, yaani avoka. Safi kabisa. Sasa kijana amelala kasho ya polisi hapa Kalemie tangu Ijumaa, na shangazi, mjomba, hata jirani muuza ndakala, wote wamegeuka wanasheria.

"Mama, avoka wa nini? Ongea na opeje, afisa mpelelezi, umpe pesa ya karatasi na biki."

Avoka mwenyewe anatafutwa Jumatatu, kijana ameshapelekwa parke kwa mwendesha mashtaka na biki imekula mbuzi wawili. Anafika, toga mkononi, ukoo mzima unamkodolea: mbona bei kali hivi? Na risiti je, utatupa?