Sisi wa Masalani Tuandikwe Wakulima

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Hazina ya Taifa, Nairobi.

Twakuarifu kwamba sisi wenyeji wa Masalani, mji wetu wa Ijara ulio karibu na Mto Tana, tu wazima kwa rehema za Mola, isipokuwa wale vijana wetu ambao jioni hukaa barazani wakitafuna hadi usiku wa manane, na alfajiri hawaonekani msikitini kwa kuwa ndio kwanza usingizi umewachukua.

Tumesikia, na kwa kusikia tumefurahi, kwamba Serikali ina huruma nyingi juu ya jani la miraa. Uingereza ilipolipiga marufuku mwezi wa Juni 2014, wakulima wa Meru wakapata hasara, na mwaka 2016 wakaahidiwa shilingi bilioni 1 za kuwafariji. Kisha Mei 2024, muguka, ambao ni aina ya miraa, ulipozua mtafaruku huko pwani, ikatangazwa kwamba Wizara ya Kilimo imetengewa shilingi milioni 500 za kulikusanya zao hilo, kulipanga kwa madaraja, kulifungasha na kulitafutia soko.

Hatuna husuda, maana mkulima wa Igembe huko Meru naye ana watoto wa kusomesha. Ila katika kuyatafakari maneno hayo tumeona kwamba kazi moja imesahauliwa, nayo ni kutafuna. Uholanzi ilifunga mlango, Uingereza ikafuata, lakini Masalani haijafunga hata siku moja. Jani hili halina subira, kwani zikipita siku mbili tangu lichumwe nguvu zake hupungua. Ndiyo maana huvikwa majani ya mgomba na kupakiwa katika gari liendalo kasi ambayo mgonjwa wetu mahututi angeitamani. Mvua ikiharibu barabara ya Garissa, unga hupanda bei, na miraa hufika. Maadamu sisi ndio soko lisiloyumba, twaomba tuandikwe wakulima, kwani wenzetu hulima kwa jembe na vijana wetu hulima kwa meno, tena kwa gharama yao wenyewe.

Wapo miongoni mwetu kina mama wachache, na imamu, na mwalimu mstaafu, wanaotaka chumba kimoja cha kuwapokea vijana walioamua kuacha, pamoja na mtu mwenye ilimu ya kuwapa nasaha. Walipobisha hodi katika ofisi moja wakatakiwa walete hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa, ilhali mali yao yote ni jamvi, birika na daftari.

Wengine wametushauri tuiendee Kaunti, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti udhibiti wa mihadarati. Hoja ni njema. Lakini Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa alipoupiga muguka marufuku, na Kilifi na Taita Taveta zikamfuata, Rais William Ruto alitamka kwamba amri hizo ni batili, kwa kuwa zao hilo latambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013. Basi tumefahamu: kaunti ina wajibu wa kudhibiti, mradi isidhibiti.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, haja yetu ni ndogo. Kila utakapolitengea jani fungu lake, ututolee asilimia 1 kwa ajili ya kile chumba cha vijana, ambayo katika zile milioni 500 ingekuwa milioni 5 tu. Tutazikusanya, tutazipanga kwa madaraja, na tukipewa mwongozo tutazifungasha kwa majani ya mgomba. Na ikiwa kanuni za Hazina haziruhusu fedha kutolewa kwa ajili ya mtafunaji, zitoe kwa jina la jani, nasi tutakwenda kuzipokea Wizara ya Kilimo bila kinyongo. Bajeti husomwa Juni. Twaomba jawabu kabla ya hapo, kwa maandishi.

Wako watiifu,
Wenyeji wa Masalani