Samaki wa Bei ya Mbuzi

Jana alfajiri mama mkwe wangu, aliyeingia usiku kwa basi la Kigoma, alitoka chumbani kwenda kutia udhu akanikuta sebuleni nimepiga magoti mbele ya tanki la samaki, kifua wazi, msuli umelowa, mkononi chujio la chai. Nilikuwa namwopoa marehemu wa mwisho. Wenzake walishalazwa safu moja juu ya gazeti.

Kukutwa kifua wazi na mama mkwe ni msiba unaojitegemea. Mkono mmoja ulikuwa na chujio, wa pili umeshika msuli usianguke, na wa tatu Mungu hakuniumbia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Asha. Hicho ni kitoweo?"

"Hapana mama. Ni samaki wa kutazama."

Akawatazama. Kwa haki kabisa, aliinama akawatazama mmoja baada ya mwingine, maana ndiyo kazi waliyonunuliwa. "Hawa kwetu wamejaa pale kwenye mawe," akasema. "Watoto wakienda kuoga wanawafukuza. Umewatoa wapi?" Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba nimenunua. Mke wangu, ambaye alikuwa amelala fofofo na hakuna aliyemwita, akatokea mlangoni na kutaja bei. Ilikuwa bei ya mbuzi wa Idi, tena mbuzi aliyeshiba. Mama mkwe akasema "Lahaula" akaenda zake kuswali, na dua ya jana ilikuwa ndefu.

Samaki wenyewe wanaitwa duboisi. Wanaishi Ziwa Tanganyika, na kwa asili hawapo kwingine kokote duniani. Wakiwa wadogo ni weusi tii wenye madoa meupe mwili mzima. Wakikua madoa yanafutika, kichwa kinageuka buluu, na mkanda mweupe au wa njano unawazunguka nyuma ya kichwa. Jike hutunza mayai mdomoni na watoto humohumo, kwa wiki kadhaa. Chakula chao ni ukoga unaoota juu ya mawe, kwa hiyo utumbo wao ni mrefu kupita kiasi, na ukiwapa vyakula vya nyamanyama tumbo huvimba wakafa. Yote haya niliyajua. Wataalamu walimwandika samaki huyu kwa mara ya kwanza mwaka 1959, kana kwamba kabla ya hapo watoto wa Ujiji walikuwa wanafukuzana na vivuli. Wangu hawakuzalishwa kwenye tanki la mtu, walivuliwa ziwani. Muuzaji alisema "wa ziwani hawa, kaka," na bei ikapanda palepale.

Ieleweke kwamba nilifuata maelekezo yote. Maji ya bomba niliyalaza kwenye ndoo klorini iondoke. Tanki niliacha lizungushe maji kwa wiki kadhaa bila samaki, ili bakteria wanaokula uchafu wazaliane kwenye kichujio. Nilitia magadi, nikapanga mawe ya matumbawe, mpaka maji yakawa na ukali uleule wa ziwani. Ziwa Tanganyika lina pH inayokaribia 9, na mimi nilitaka wageni wajisikie nyumbani.

Aliyewaua ni mfuko waliosafiria kutoka Kigoma hadi hapa Dar es Salaam. Au tuseme kufunguliwa kwa mfuko, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu tangu jana sijapata mtu nyumbani wa kumweleza.

Samaki hutoa amonia, na sehemu kubwa hutokea kwenye matamvua, yaani anapopumua. Amonia hiyo ina sura mbili. Maji yakiwa ya wastani, pH 7, karibu yote hukaa katika sura ya upole ambayo haimsumbui sana samaki. Ile iliyo sumu haifiki hata asilimia 1. Maji yakiwa na pH 9, kwa joto letu hili, sumu inavuka theluthi moja ya amonia yote. Kiasi ni kilekile na samaki ni walewale. Kilichobadilika ni ukali wa maji tu. Ziwani halina neno, kwa sababu ziwa lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha mita 1,470, na uchafu wa samaki mmoja unapotelea humo. Mfuko wa nailoni una lita chache.

Kwa hesabu hiyo walipaswa kufia Tabora. Hawakufa, na sababu yake ni nzuri kiasi kwamba ningeisimulia hata msibani. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki wanatoa pia hewa ya ukaa, na haina pa kutokea. Inayeyuka majini, inayatia uchachu, pH inashuka taratibu njia nzima, na kadiri inavyoshuka ndivyo amonia inavyohamia kwenye sura yake ya upole. Yaani viumbe hawa walisafiri zaidi ya kilomita 1,200 wakielea ndani ya uchafu wao, na uchafu wa pili ndio uliokuwa ukiwalinda na ule wa kwanza. Hakuna aliyepanga. Unajaza tu oksijeni, unafunga mpira mdomoni mwa mfuko, na kemia inafanya ulinzi bila mshahara. Walifika Dar es Salaam wote wazima, wananitumbulia macho.

Kisha nikafungua.

Maelekezo, yale yanayorudiwa kila mahali, yanasema: uuache mfuko uelee juu ya maji ya tanki joto lilingane, ufungue, halafu uongeze maji ya tanki kikombe kimojakimoja, kwa upole, kila baada ya dakika kadhaa, ili samaki wasishtuke. Nilikuwa mpole mno. Nilikaa na kikombe kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Na wakati wote huo hewa ya ukaa ilikuwa inapanda zake dari, pH ya mfuko inapanda nayo, na mimi naisukuma zaidi kwa vikombe vya maji makali, maji yangu mazuri ya magadi na matumbawe. Amonia yote waliyoilundika tangu Kigoma ikavua sura ya upole wakiwa bado wamo ndani yake. Matamvua yaliungua palepale mbele yangu, na nilidhani wanapumua haraka kwa furaha ya kufika.

Samaki wa safari ya nusu saa anastahili upole huo. Aliyekaa mfukoni siku nzima na zaidi anatakiwa kutolewa upesi, maji ya mfuko yamwagwe, au mfuko utiwe dawa ya kufunga amonia mara tu unapofunguliwa. Muuzaji anajua, kwa sababu yeye hupokea mifuko hiyo kila wakati na samaki wake hawafi. Nilipompigia simu alisema, "Kaka, samaki hawana garantii," sentensi ambayo aliitoa haraka mno kwa mtu anayeifikiria kwa mara ya kwanza.

Nilitaka kupima maji nipate ushahidi. Nikazunguka Kariakoo kutafuta kipimo cha amonia. Niliuziwa kwa urahisi kipimo cha mimba, nikaonyeshwa cha malaria na cha sukari. Cha amonia hakuna. Mwenye duka mmoja alinishauri niwapeleke samaki hospitali.

Na hapa kicheko kinaniishia kidogo. Mtu wa Ujerumani mwenye tanki kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, ambaye hajawahi kuliona ziwa, anampokea samaki wa Kigoma akiwa na vipimo, dawa na vitabu vinene vyenye picha. Vitabu hivyo ni vya Kiingereza na Kijerumani, na sijaona hata kimoja cha Kiswahili. Alikuwepo Mbelgiji, Pierre Brichard, aliyekaa Bujumbura akisafirisha samaki hawa nje na kuandika juu yao, na samaki wapo waliopewa jina lake. Mvuvi wetu anayezama kwenye mawe ya ziwa na wavu sijasikia samaki hata mmoja aliyepewa jina lake, na samaki akishafika nje ananunuliwa kwa fedha ambazo yeye hazioni. Kuna hata kopo, linatengenezwa Marekani, la unga wa kugeuza maji yako yawe ya ziwa letu. Limeandikwa TANGANYIKA kwa herufi kubwa. Nchi tuliiunganisha na Zanzibar mwaka 1964 na tangu hapo jina tumeliachia ziwa. Kumbe huko ng'ambo bado linauzwa kwa gramu. Ndani ya kopo, kwa sehemu kubwa, ni jamii ya magadi. Nimepiga hesabu ya kuliagiza pamoja na usafiri. Ni mbuzi mwingine.

Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo mama mkwe aliipanda akiwa msichana, Wajerumani waliizamisha kwa makusudi mwaka 1916. Ilikaa chini ya maji mpaka 1924, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria. Chuma kizima, miaka minane chini ya ziwa hilohilo, kikarudi kazini. Najua si hoja. Lakini nilipokuwa nafukia duboisi chini ya mpapai niliiwaza sana.

Samaki wangu waliotangulia kufa sitawaeleza kwa kirefu. Frontosa, yule mwenye nundu kichwani na mistari saba, alivuliwa kilindini na mtu mwenye haraka: ukimtoa samaki mita 40 chini bila kumpandisha kwa vituo, kibofu chake cha hewa kinatanuka karibu mara tano, na wangu alielea tumbo juu mpaka mwisho wake. Waliofuata waliondoka na umeme uliokatika Ijumaa. Kambale wa kusafisha kioo aliruka usiku, na paka ndiye anayejua zaidi.

Sasa muuza chipsi wa hapo kona ameulizia tanki. Anasema kioo ni kinene, lina taa tayari, litafaa sana kuwekea sambusa, na ametoa nusu ya pesa mezani mbele ya mke wangu, ambaye alizihesabu. Nimemwambia avumilie mpaka mwisho wa mwezi. Kuna kijana wa Kigoma amenipigia, ana duboisi wengine, wa ziwani kabisa, na safari hii anasema atawatuma kwa ndege.